JE, INJINI YA GARI YAWEZA KURUSHA NDEGE?

 

Katika kipindi chetu cha maswali, kijana mmoja ambaye akitoka madrasa humsaidia baba yake gereji alituuliza hivi: "Ustadh, injini ya Corolla ya lita 1.6 ina nguvu za farasi zipatazo mia. Ndege ya Cessna ya viti vinne nayo ina mia na sitini. Kwa nini basi mtu asichukue injini ya mtumba akaifunga kwenye ndege aliyoiunda mwenyewe?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwani swali lile ni zuri, na jibu lake lina mafunzo kwa kila anayeshika spana.

Jibu kwa ufupi ni kwamba inawezekana, na watu wamefanya hivyo kwa karibu miaka mia moja. Lakini injini ya gari ilitengenezwa kwa kazi nyingine. Anayeipeleka angani bila kujua tofauti ya kazi hizo mbili anahatarisha roho yake na roho ya aliyekaa pembeni yake. Hebu tueleze.

WALIOTANGULIA

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walipotaka injini ya ndege yao, kwanza waliwaandikia watengenezaji wa magari. Hawakupata injini iliyokuwa nyepesi na yenye nguvu ya kutosha. Ndipo fundi wao, Charlie Taylor, alipowatengenezea injini ya silinda nne yenye bodi ya aluminiamu. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 80 na nguvu za farasi 12 tu, na ndiyo iliyowarusha tarehe 17 Desemba 1903.

Miaka ilipita, na injini za magari zikawa bora zaidi. Mwaka 1929, fundi mmoja wa kijiji cha Cherry Grove katika jimbo la Minnesota, Bernard Pietenpol, alirusha ndege ya mbao na kitambaa aliyoifunga injini ya gari la Ford Model A. Ndege hiyo iliitwa Air Camper. Michoro yake ilichapishwa magazetini, na mpaka leo wako watu wanaoiunda majumbani mwao.

Huko Ufaransa, katika miaka ya 1950, Roger Druine alibuni ndege ya kiti kimoja iitwayo Turbulent, ambayo ilitumia injini ya Volkswagen. Na hapa Afrika, mwaka 2007, mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria, alizungumzwa sana kwa kuunda helikopta aliyoifunga injini ya Honda Civic. Iliinuka kutoka ardhini, ingawa si juu sana.

Sababu kubwa inayowavuta watu ni bei. Injini mpya ya ndege ndogo, iliyopasishwa na serikali, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Injini ya gari hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, na spea zake zimejaa madukani.

KITENDAWILI CHA LITA TANO

Sasa turudi kwa kijana wetu. Injini aina ya Lycoming O-320, iliyofungwa katika ndege nyingi za Cessna 172, ina ujazo wa lita 5.2. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya injini ya Corolla. Mbona basi nguvu zake hazikuzidi mara tatu? Je, waliotengeneza injini ya ndege hawakujua kazi?

La, walijua. Siri iko kwenye mizunguko. Injini ya gari hutoa nguvu zake zote ikizunguka mara 5,000 au 6,000 kwa dakika. Ile ya ndege hutoa nguvu zake zote ikizunguka mara 2,700 tu. Hii ni kwa sababu pangaboi halitaki kuzungushwa mbio.

Chukueni kalamu tupige hesabu. Pangaboi lenye upana wa mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, likizunguka mara moja, ncha yake husafiri mita 5.65. Likizunguka mara 2,700 kwa dakika, yaani mara 45 kwa sekunde, ncha husafiri mita 254 kwa sekunde. Tukilifunga moja kwa moja kwenye injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha itakwenda mita 471 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ncha ikikaribia au kupita mwendo wa sauti, pangaboi hupiga kelele kubwa na nguvu nyingi hupotea bure badala ya kuivuta ndege.

Kwa hiyo mwenye injini ya gari ana njia mbili. Ama aizungushe polepole na akubali kupata nguvu pungufu, ama aweke gia ya kupunguza mizunguko kati ya injini na pangaboi. Injini ya Pietenpol ilimfaa kwa sababu Ford Model A ilitoa nguvu zake zote, yaani farasi 40, ikizunguka mara 2,200 tu. Gari la zamani lilikuwa na tabia ya ndege bila kujijua.

TOFAUTI NYINGINE NNE

1. Mzigo. Gari likienda kilomita 100 kwa saa katika barabara tambarare hutumia nguvu za farasi 20 hadi 30 hivi. Injini imepumzika. Ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha husafiri kwa asilimia 65 hadi 75 ya nguvu hizo kwa saa nzima au zaidi. Ni kama kupanda mlima na mzigo bila kuachia mafuta.

2. Kranki shafti. Ndani ya gari, kranki hufanya kazi ya kuzungusha tu. Katika ndege, pangaboi likifungwa kwenye kranki huivuta kwenda mbele, na kila ndege inapogeuka au kuinua pua huikunja upande. Kranki ya gari haikutengenezwa kwa kukunjwa namna hiyo.

3. Cheche. Injini nyingi za gari zina plagi moja kwa kila silinda, na umeme wake hutegemea betri. Injini ya kawaida ya ndege ndogo ina plagi mbili kwa kila silinda na magneto mbili, kila moja ikijitengenezea umeme wake bila betri. Moja ikifa, nyingine huendelea.

4. Kupoza. Injini nyingi za ndege ndogo hupozwa kwa hewa. Nyingi za magari hupozwa kwa maji, hivyo huhitaji rejeta, mipira na pampu. Mpira mmoja ukipasuka, maji humwagika na injini huchemka. Dereva husimama pembeni akangoja. Rubani hana pembeni.

INJINI ZILIZOPATA SIFA

Kwa sababu hizo, mafundi hawakuchagua injini yoyote tu. Walitafuta zile zilizokuwa karibu na tabia ya ndege.

Ya kwanza ni ya Volkswagen Beetle, lile gari dogo lenye mgongo kama kobe. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na hupozwa kwa hewa. Fundi huondoa klachi na feni, kisha hufunga pangaboi dogo moja kwa moja kwenye kranki. Hutosha kwa ndege nyepesi ya mtu mmoja au wawili.

Ya pili ni ya Chevrolet Corvair, gari lililouzwa Marekani kuanzia mwaka 1960 hadi 1969. Ina silinda sita zilizolala na hupozwa kwa hewa. Pietenpol mwenyewe aliitumia baadaye. Lakini baadhi ya injini hizo zilivunjika kranki zikiwa angani, kwa sababu ile tuliyoitaja katika nambari 2. Mafundi hawakuficha tatizo. Walilichunguza, wakaanza kuifanyia kranki ugumu maalumu wa juu na kuongeza beringi ya tano upande wa pangaboi.

Ya tatu ni ya Subaru, ambayo nayo silinda zake zimelala lakini hupozwa kwa maji. Huzunguka mbio, hivyo huhitaji gia ya kupunguza mizunguko au mkanda wenye meno.

Na gia hiyo ina mtihani wake. Kila pistoni inaposukuma, kranki hujinyonga kidogo na kujinyoosha, kama nguo inayokamuliwa. Mtikisiko huo ukikutana na gia na pangaboi kwa mpigo unaolingana, huongezeka kama bembea inayosukumwa kila ikirudi, na chuma kizima hukatika. Gia iliyochongwa kwa kukisia imewaharibia wengi injini iliyokuwa nzima.

MAHALI TATIZO LINAPOANZIA

Wengi hudhani injini ya gari hufa angani kwa sababu ni dhaifu. Mara nyingi sivyo. Injini yenyewe huwa nzima, ila kilichoifisha ni kile fundi alichokiongeza: bomba la mafuta lililopitishwa karibu na joto, waya uliolegea, rejeta isiyopata upepo, au gia ya kubuni.

Mwaka 2012, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilitoa uchunguzi wake kuhusu ndege zinazoundwa na watu binafsi. Ilionekana kwamba kufa kwa injini ni miongoni mwa sababu kubwa za ajali, na kwamba ajali nyingi hutokea ndege ikiwa bado mpya, katika safari zake za mwanzo.

Ndiyo maana nchini humo ndege ya namna hii hukaguliwa kwanza, kisha kwa kawaida hurushwa kwa majaribio bila abiria, mahali maalumu, kwa saa 25 ikiwa injini na pangaboi lake vimepasishwa pamoja. Ikiwa havikupasishwa, kama ilivyo injini ya gari, huwa saa 40. Kabla ya hapo, fundi makini huifunga injini ardhini na kuiendesha kwa nguvu zote kwa muda mrefu, akisikiliza, akipima joto na kuifungua tena kuitazama.

Sasa tazameni ile bei nafuu. Ongezeni gia, rejeta, kranki iliyoimarishwa, umeme wa akiba na mamia ya saa za kazi. Injini bado yaweza kuwa rahisi, lakini si rahisi kama ilivyoonekana dukani. Rahisi ghali, walisema wazee wetu.

FUNZO KWETU

Ndugu wanafunzi, hatukuandika haya kuwavunja moyo. Pietenpol hakuwa na kiwanda. Alikuwa fundi wa kijijini aliyejifunza kwa vitendo. Lakini alijua injini yake inaweza nini na haiwezi nini, na huo ndio ufundi.

Ujuzi ni amana. Anayefunga breki za daladala au kukaza bolti za pikipiki ya jirani ameshika roho za watu mkononi, sawa na anayeunda ndege. Kusema "itashika tu" si tawakali. Tawakali huja baada ya kutimiza wajibu.

Kwa yule kijana aliyeuliza, jibu letu ni hili. Usifunge injini kwenye mabawa. Anza kwa kuifungua injini mbovu, uitambue kranki, beringi na mfumo wa cheche, na usome hesabu na fizikia kwa bidii. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege, na mlango wake ni masomo ya sayansi. Tena ukumbuke kwamba hakuna chombo cha kuruka hapa nchini bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na kwenu wazazi, mtoto akiuliza swali kama lile msimcheke. Mpeni kalamu apige hesabu ya ncha ya pangaboi. Huenda siku moja, inshaallah, mkapanda ndege aliyoikagua yeye.