Gari la Umeme Lililotumika: Pima Betri Kwanza, Odometa Baadaye

Anayenunua gari la petroli lililotumika anajua pa kuanzia: kilomita zilizotembea, mlio wa injini, moshi wa ekzosi, oili inayovuja. Akienda na mazoea hayo kwenye gari la umeme, atakosa jambo kubwa kuliko yote. Mota ya umeme ina sehemu chache zinazosuguana na huchakaa taratibu mno. Kinachochakaa ni betri, ambayo ndiyo kifaa ghali kupita vyote ndani ya gari, na uchakavu wake hautoi mlio wala moshi.

Tuchukue Nissan Leaf, gari ambalo mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anayeagiza kutoka Japani hukutana nalo upesi anapotafuta la umeme la bei nafuu. Lilianza kuuzwa Desemba 2010 likiwa na betri ya kilowati-saa 24. Baadaye ikaja ya 30, mwaka 2017 ya 40, na mwaka 2019 ya 62. Hizo ni namba za betri ikiwa mpya. Mnunuzi wa gari lililotumika anahitaji kujua kilichobaki.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kazi: kila inapochajiwa na kutumika, seli zake huchoka kidogo. Ya pili ni umri wenyewe. Hata gari likiegeshwa mwaka mzima, utando mwembamba ulio kwenye upande hasi wa kila seli huendelea kunenepa, na lithiamu inayonaswa humo hairudi tena kubeba chaji. Joto huharakisha hali hiyo, na betri kukaa muda mrefu karibu na asilimia 100 huiongeza. Ndiyo maana gari lenye kilomita chache linaweza kuwa na betri mbovu kuliko lililotembea sana. Lile la kwanza huenda lilishinda juani miaka kadhaa likiwa limejazwa chaji, wakati la pili lilikuwa likitumika kila siku katika mji wa baridi.

Kwa Leaf, joto lina uzito wa pekee. Betri ya matoleo yaliyotajwa hapo juu haina mfumo wa kupozwa kwa kimiminika kama ulio kwenye magari mengi ya umeme. Hutegemea hewa inayoizunguka. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zikipungua nguvu haraka kwa sababu ya joto la jangwani. Nissan ikaongeza dhamana inayohusu upungufu wa ujazo, kisha ikaleta seli zinazostahimili joto zaidi kwenye magari ya toleo la 2015. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa una maana kubwa, na hata mahali utakapolitumia. Betri ileile itazeeka polepole zaidi Nairobi kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Muuzaji atakuonyesha dashibodi yenye vipande 12 vidogo pembeni mwa kipimo cha chaji, akuambie, “Betri nzima hii.” Vipande hivyo huonyesha afya ya betri, lakini si kwa mgawanyo sawa. Cha kwanza hakizimiki mpaka ujazo ushuke kufikia asilimia 85 hivi. Vinavyofuata huzimika kwa takriban asilimia 6 kila kimoja. Gari lenye vipande vyote 12 linaweza basi kuwa na asilimia 98 au 86, na dashibodi isikupe tofauti. Isitoshe, wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vipande vilivyozimika viwake tena. Vitazimika upya baada ya muda, pesa zako zikiwa zimekwenda.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani na kuunganishwa na simu yenye programu ya Leaf Spy. Humo utasoma asilimia ya afya ya betri, idadi ya mara ilizochajiwa kwa chaja ya kasi, na volti ya kila jozi ya seli, ambazo ni 96. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, hasa chaji inapokaribia kwisha, betri nzima itabanwa na hiyo dhaifu. Halafu endesha gari kutoka chaji kamili hadi asilimia 20 hivi kwenye njia unayoijua, ukilinganisha kilomita na chaji iliyotumika. Kompyuta iliyofutwa kumbukumbu haiwezi kudanganya barabara.

Sasa tuje kwenye umbali. Leaf ya kilowati-saa 40 ilitangazwa Japani kwamba hufika kilomita 400 kwa kipimo cha nchi hiyo. Marekani gari hilohilo lilipewa kilomita 243. Tofauti ni ya namna ya kupima tu, na ukiagiza kutoka Japani, namba utakayoonyeshwa huenda ikawa ile kubwa. Piga hesabu yako. Kilowati-saa 40 zikiwa na afya ya asilimia 80 zinabaki 32. Tenga moja ya tano kama akiba, zitabaki karibu 26. Kwa matumizi ya kilowati-saa 16 kila kilomita 100, utakwenda kama kilomita 160. Inatosha mizunguko ya mjini siku kadhaa, lakini Dar es Salaam hadi Morogoro, karibu kilomita 190, utalazimika kula sehemu kubwa ya akiba, na kiyoyozi au mwendo wa kasi vikizidi hufiki. Kwa hesabu hiyohiyo, ya kilowati-saa 24 yenye afya ya asilimia 70 itakupa kilomita 84 tu.

Usisahau soketi. Leaf nyingi kutoka Japani huchajiwa kwa kasi kupitia mfumo wa CHAdeMO, ilhali magari mengi mapya ya Ulaya na China hutumia mifumo mingine. Hakikisha vituo vilivyo kwenye njia zako vina plagi hiyo, la sivyo utategemea umeme wa nyumbani, ambao huchukua usiku kucha au zaidi.

Betri yenye afya ya asilimia 85 na kuendelea inastahili bei nzuri. Kati ya 70 na 85, nunua ikiwa safari zako ni za mjini na bei imeshuka kwa kiasi hichohicho. Chini ya 70, usilipe kabla ya kujua bei ya betri nyingine na fundi wa kuifunga. Na muuzaji akikataa betri ipimwe, tafuta gari jingine.