Nafasi ya Baiskeli katika Ufundishaji wa Uhandisi wa Trafiki Jijini Bujumbura

Mnamo Machi 2022, serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji la Bujumbura. Hoja zilizotolewa zilikuwa usalama na msongamano, ingawa kwa waendeshaji katazo hilo liligusa riziki. Athari za uamuzi wa namna hiyo hupimika pale tu ambapo kila chombo kimehesabiwa, kabla na baada. Kanuni ya Webster ya mwaka 1958, ambayo bado hufundishwa katika kupanga muda wa taa za barabarani, ilitungwa Uingereza, ambako magari hupita kushoto. Burundi hupita kulia. Hivyo kona inayokata mkondo unaokuja ni ya kushoto, na michoro ya vitabu hivyo sharti igeuzwe. Hilo ni jepesi. Gumu ni kukadiria baiskeli iliyosheheni ndizi ni sawa na sehemu gani ya gari dogo: viwango vya kuazima havielezi mwendo wake mlimani. Mwanafunzi hana budi kuvipima mwenyewe makutanoni kabla ya kukabidhiwa kamera na programu za mifumo-erevu ya usafiri. Kihisio kilichoundwa kutambua magari pekee hakitamwonyesha mwendesha baiskeli, naye mshauri wa sera ataletewa jedwali lisilo na watu hao.