MAJINA YA UKOO NDANI YA ORDINATERE: NANI ANA RUHUSA YA KUYASOMA?

Jambo baba na mama mnaokaa kwa jamaa huko Dilala na Manika, jambo ninyi mliohamishwa kwa ajili ya migodi, ninyi mliofika na gari la moshi kutoka Kasai, na ninyi machifu wa kartie na wazee mnaotushikia buku za raia. Leo tutazungumza habari ya majina. Si majina ya wakubwa, bali ni yako wewe: jina lako, la baba yako, na la kijiji alikotoka babu. Majina hayo yaliandikwa zamani kwa wino, na siku hizi yanaweza kupigwa picha na kuingizwa ndani ya ordinatere. Je, yakiisha kuingia humo, nani ana ruhusa ya kuyasoma?

Labda utasema: mimi sina nyumba, sina kazi, majina ya wazee yatanipa nini? Ngoja kidogo.

Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali, hata Kasai, na njia ya reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 ilirahisisha safari. Kampuni ilipenda kuandika. Mfanyakazi alipokelewa, akaandikwa jina, chifu wake, alikotoka, kabila, mke, na watoto waliozaliwa kampini. Mwaka 1967 leta ilitwaa kampuni, ikawa ile tunayoiita Gécamines. Kwa hiyo kwa jamaa nyingi za Kolwezi na Likasi, habari ya ukoo haiko kinywani mwa mzee tu. Iko pia katika karatasi za kampuni, za misioni na za komini. Mjukuu amekwisha kusahau kijiji, lakini karatasi haikusahau.

Kuna wakati jambo hilo ni baraka, na kuna wakati ni hatari.

Mnakumbuka, au mmesikia kwa wazazi. Mwaka 1992 na 1993, nchi yetu ikiitwa Zaire na jimbo hili likiitwa Shaba, watu walioitwa Wakasai walifukuzwa, kwanza Likasi, halafu hapa Kolwezi. Maelfu walilala penye stesheni na ndani ya masomo wakingojea gari la moshi, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Wengi wao walizaliwa hapa, wengine hata baba zao walizaliwa hapa. Lakini hawakuulizwa walizaliwa wapi. Waliulizwa babu alitoka wapi. Sisemi hayo ili mtu amwangalie jirani yake kwa jicho baya. Nasema ili tuelewe kwa nini mstari mmoja wa karatasi, ule wa kabila na asili, hauwezi kuachwa wazi kama tangazo la soko.

Kwa jirani zetu Rwanda, Wabeleji waliweka kabila ndani ya kitambulisho katika miaka ya 1930. Karatasi ilionekana kuwa jambo dogo la ofisi. Mwaka 1994 watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabara, wakaombwa kitambulisho, na mstari ule mmoja ulitosha kumwua mtu. Baadaye leta ya Rwanda iliondoa mstari huo. Tena hapo walihitaji kusoma vitambulisho kimoja kimoja. Ndani ya ordinatere, mtu anaweza kuomba majina yote ya asili fulani katika kartie fulani, akayapata kabla chai haijapoa.

Basi tufunge kila kitu na kutupa ufunguo? Hapana. Fikiri juu ya mama aliyekimbia vita vya Kasai mwaka 2016 au 2017, nyumba imeungua na karatasi zote ndani yake. Mtoto anataka kufanya mtihani wa leta, wanamwomba akti ya kuzaliwa. Sheria yetu ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto aandikwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Siku hizo zikipita, lazima kupitia tribinali. Ikiwa jina liko katika buku fulani ya zamani, mama huyo ana haki ya kusaidiwa kulipata.

Fikiri pia juu ya machotara wa wakati wa ukoloni, watoto wa baba mzungu na mama mwafrika, ambao leta ya Ubelgiji iliwanyang'anya mama zao na kuwatia misioni, kama ile ya Katende huko Kasai. Ubelgiji iliomba msamaha mwaka 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 koti ya rufani ya Brussels iliwapa haki wanawake watano kati yao. Watu hao, wazee sasa, walitafuta miaka mingi jina la mama au la baba. Kwao faili iliyofungwa ni kidonda kisichopona.

Mnaona sasa ugumu wake. Karatasi ile ile inamponya huyu na kumhatarisha yule.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya katikati. Ubelgiji yenyewe, tangu mwaka 2019, inaacha akti ya kuzaliwa isomwe na kila mtu baada ya miaka 100, ya ndoa baada ya miaka 75, ya kifo baada ya miaka 50. Kabla ya hapo ni kwa mwenyewe na wale wa karibu naye. FamilySearch ya Marekani, shirika linalokusanya majina ya koo duniani, halionyeshi kwa watu wote habari za mtu aliye hai katika mti wake wa ukoo. Wafu wanasomwa, wazima wanafichwa. Kwetu, mimi naona hata wafu wanahitaji uangalifu, maana kabila la babu aliyekufa ndilo la mjukuu aliye hai. Mwaka 1993 ulitufundisha hivyo.

Na sheria yetu? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea na kukaa mahali anapochagua. Tena kuna kodi ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu zilizo ndani ya mashini.

Wasikilizaji wengine wanauliza: chifu wa kartie anaweza kupiga picha buku yake kwa telefone na kuituma kwa rafiki? Baba chifu, usifanye hivyo. Picha ikitoka mkononi mwako huwezi kuirudisha. Mtu akija na ordinatere akitaka kuingiza buku yako yote, mwombe karatasi ya komini, umwulize habari zitakaa wapi, nani atazifungua, na kama mstari wa kabila unahitajika kweli. Kwa kugawa mashuka na unga, hesabu ya watu wa nyumba inatosha.

Na wewe mama unayetafuta akti yako: omba kopi ya jina lako na la watoto wako. Hiyo ni haki yako. Mtu anayeomba listi ya kartie nzima anaomba jambo lingine kabisa, hata akivaa tai. Ukiitwa kutoa majina ya wazee wako, uliza kwanza ni ya kazi gani. Ukiona jina limeandikwa vibaya, sema papo hapo, maana kosa lililoingia ndani ya mashini linasafiri mbali kuliko la wino, na kulirekebisha kunaweza kukurudisha tribinali.

Juma lijalo tutajibu maswali juu ya parseli za waliohamishwa Kasulo mwaka 2017.