Nani hao "na wenzake"? Watu waliozikusanya nyimbo za Fumo Liyongo

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea ualimu wa Kiswahili na dini. Wiki mbili zilizopita alinitumia kazi yake ya darasani niipitie kabla hajaikabidhi. Ilihusu nyimbo za Fumo Liyongo. Nilifurahi, kwa sababu vijana wengi wa leo wakimjua Liyongo, basi wanajua mambo mawili tu: kwamba alikuwa jitu la mtu, na kwamba mwanawe alimchoma sindano ya shaba kitovuni. Kwamba alikuwa pia malenga, hilo halisemwi.

Lakini kila ukurasa nilioufungua nilikutana na mabano yale yale: Miehe na wenzake, 2004. Nageuza ukurasa, Miehe na wenzake. Nikampigia simu.

"Hawa wenzake ni kina nani?"

"Sijui, mjomba. Wajerumani, nadhani. Tumeambiwa waandishi wakizidi watatu tuandike wa kwanza tu, halafu na wenzake."

Sikumlaumu. Hiyo ndiyo kanuni waliyofundishwa. Lakini msomaji, keti nikueleze hao wenzake ni nani, uone kanuni ndogo ya kuandika marejeleo inavyoweza kufukia nusu ya elimu ya pwani hii.

Kitabu chenyewe kinaitwa Liyongo Songs. Kilichapishwa Köln, Ujerumani, mwaka 2004, na kwenye jalada kimeandikwa kuwa ni kazi ya kundi lililojiita kundi la kazi la Liyongo. Kazi hiyo ilifungamana na Chuo Kikuu cha Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, alikokuwa akifundisha Profesa Gudrun Miehe. Lengo lilikuwa kuzikusanya nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo, kulinganisha nakala zake mbalimbali, kuzisoma upya na kuzifasiri. Waliotajwa ni watu 11. Sasa hesabu nami.

Yuko Abdilatif Abdalla wa Mombasa, yule aliyefungwa mwaka 1969 kwa kuandika "Kenya: Twendapi?" akatoka mwaka 1972 na mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Baadaye alifundisha Kiswahili Leipzig kwa miaka mingi. Yuko Ahmad Nassir Juma Bhalo, Malenga wa Mvita mwenyewe. Yuko Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyetuachia neno runinga na mengine mengi ambayo wengine waliyacheka kisha wakayatumia. Yuko Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyeishi na kusomesha London, na ambaye karatasi zake leo ni hazina katika chuo cha SOAS. Yuko Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeandika kile kitabu cha Muyaka cha mwaka 1979. Yuko Zeina Mahmoud Fadhil Al-Bakary. Kutoka upande wa Unguja wako Farouk Topan, na Said Ahmed Mohamed, yule yule wa Asali Chungu na Utengano, ambaye kwenye kazi za kitaaluma hujiandika Said Khamis. Wanaobaki ni Miehe mwenyewe, Angelica Baschiera na Clarissa Dittemer.

Kwa hiyo kati ya 11, wanane ni watu wetu. Mpwa wangu aliponyamaza kwenye simu nilijua ameshahesabu.

Kwa nini iwe kazi ya watu wengi namna hiyo? Hapa ndipo pana utamu. Nyimbo hizi zimetufikia kwa njia mbili, vinywani mwa watu na katika makaratasi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na aliyewahi kushika utenzi wa zamani anajua taabu yake. Herufi za Kiarabu hazina pe. Waandishi wengi wa zamani waliandika be, wakamwachia msomaji ajue mwenyewe. Mara nyingi hata sauti ya mb waliiandika kwa be hiyo hiyo. Basi ukikuta be na te, zote zina fataha, hilo ni neno gani? Laweza kuwa bata, laweza kuwa pata, laweza kuwa mbata, ile nazi iliyokauka. Kasra nayo inabeba i na e, hivyo pita na peta zaandikwa sawasawa, na wanaopeta mchele wanajua kwamba hayo si mambo mamoja.

Sasa ongeza kwamba lugha yenyewe ni Kiswahili cha zamani cha upande wa Lamu na Pate, chenye maneno ambayo hata bibi zetu waliyasikia kwenye nyimbo tu. Profesa anaweza kuwa na kamusi zote za dunia, lakini asiyekaa kwenye gungu la harusi hatajua kwamba mshororo fulani huimbwa kwa kurudiwa, na kwa hiyo neno lile lazima liwe na mizani hii na si ile. Mtu wa Mvita likimshinda neno, mtu wa Amu huenda analo. Na mwenye masikio ya mshairi atakwambia "hapa pana kosa la mnakili" kabla hujamaliza kusoma. Kazi kama hii haina namna ya kufanywa na mtu mmoja, awe Mzungu au awe sisi.

Na haikuanza mwaka 2004. Sheikh Nabhany na Miehe walikuwa wakijuana tangu zamani. Sambo ya Kiwandeo, utungo wa Nabhany juu ya jahazi la Lamu, ulihaririwa na Miehe pamoja na Thilo Schadeberg na kuchapishwa Leiden mwaka 1979. Hiyo ni robo karne kabla ya kitabu cha Liyongo. Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Muhamadi Kijuma wa Lamu, fundi wa nakshi za milango, mpiga kibangala, mwenye hati nzuri isiyo na mfano, aliyetunga Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Huyo aliwanakilia tenzi Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Nakala zake leo ziko London na Ujerumani. Mombasa nako, Mwalimu Sikujua ndiye aliyemsaidia mmishonari Taylor kuyapata mashairi ya Muyaka. Diwani ilipotoka mwaka 1940, mhariri alikuwa Hichens.

Ndiyo maana mimi hukasirika kidogo nikisikia ule msemo wa vijiweni kwamba "Wazungu ndio waliotuhifadhia". Si uongo mtupu. Makaratasi yangebaki kwetu, mengi yangekuwa vumbi, na nitalisema hilo dhidi ya nafsi yangu hivi punde. Lakini kuna aliyeyahifadhi kichwani kwanza, akayaandika kwa mkono wake, akayasoma, akaeleza kila neno maana yake. Huyo mara nyingi jina lake lilibaki katika shukrani za utangulizi. Tofauti ya kundi la Liyongo ni kwamba majina yalipanda jalada, yote, sawa kwa sawa. Halafu tunakuja sisi wenyewe, katika vyuo vyetu wenyewe, tunayashusha tena kwa maneno mawili.

Nalo liko dosari. Kitabu kimetoka Ulaya, kwa bei ya Ulaya. Duka la vitabu la Mombasa lenye nakala yake mimi sijaliona. Kazi ya karibuni inatia moyo zaidi: kitabu cha tungo za Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, kilichohaririwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke na kutolewa na Brill mwaka 2023, kinapatikana bure mtandaoni. Mshairi yu hai, na kijana mwenye simu anaweza kukisoma ameketi Mkunguni. Vivyo hivyo vitabu vya Msikiti wa Riyadha vilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na vyenyewe vikabaki Lamu.

Nimesema nitajisema. Nyanya yangu aliacha kasha. Ndani mlikuwa na Kurani, khanga, na bunda la karatasi zilizofungwa kwa uzi. Alikuwa akizisoma usiku kwa sauti ya kuimba, nasi watoto tukisinzia. Alipofariki hakuna aliyeweza kuzisoma sawasawa. Tuliona herufi za Kiarabu, tukaogopa zisije zikawa na aya zikakanyagwa. Kwa heshima zote tulizifunga kwenye kitambaa, tukazipeleka baharini. Mimi mwenyewe nilishika upande mmoja wa lile bunda. Miaka baadaye nikiwa nasikiliza utenzi redioni nikatambua ule mkondo wa sauti yake, na nikajua kwamba yale hayakuwa aya hata moja. Ulikuwa utenzi. Upi, wa nani, sitajua.

Kwa hiyo ikiwa kwenu kuna kasha, tafadhali msianze na bahari. Zipige picha kwa simu, karatasi moja baada ya nyingine, mchana penye mwanga, bila kuzikunjua kwa nguvu. Andika zimetoka kwa nani. Kisha mtafute mzee anayesoma hati hizo, angalau akwambie kama ni dua, hesabu za duka au tungo.

Mpwa wangu alikabidhi kazi yake Jumatatu. Mara ya kwanza alipotaja kitabu aliandika majina yote 11, yakachukua mistari mitatu. Amekatwa alama mbili kwa kukiuka kanuni. Ananiuliza kama namrudishia hizo alama.