Namba 300,000,000,000 katika Historia ya Fedha za Kongo

Namba 300,000,000,000 haikubuniwa na wanahisabati. Ilizaliwa na mabadiliko mawili ya fedha. Mwezi Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Katikati ya mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Viwango hivyo viwili vikizidishwa, yaonekana kwamba faranga moja ilikuwa sawa na zaire za zamani 300,000,000,000. Asomaye leo hati za mishahara za Lubumbashi za miaka hiyo hana budi kuielewa namba hiyo.

Kihisabati, namba hiyo imejengwa kwa vigawo tasa vitatu tu: 2 iliyorudiwa mara kumi na moja, 5 iliyorudiwa mara kumi na moja, na 3 iliyotokea mara moja. Kwa hiyo ina vigawo 288, yaani 12 × 2 × 12. Jumla ya tarakimu zake ni 3. Hivyo hugawanyika kwa 3, lakini si kwa 9.

Kati ya vigawo hivyo, 3 ndicho chenye taathira kubwa. Sehemu huandikika kwa desimali yenye kikomo pale tu ambapo asili yake, ikiisha kurahisishwa, haina kigawo tasa ila 2 na 5. Ndiyo maana kugawanya kwa 100,000 hakukuwa na taabu: ni kusogeza nukta tu. Lakini noti ya zaire 5,000,000, iliyochapishwa mwaka 1992, ikigawanywa kwa 3,000,000 hutoa 1.666..., desimali isiyokoma. Kiasi chochote kisichogawanyika kwa 3 hakikuweza kubadilishwa bila kukadiria. Kwa noti moja kosa ni dogo; likirudiwa katika orodha ya mamia ya watumishi, jumla ya viwango vilivyokadiriwa huweza kutofautiana na jumla ya awali iliyobadilishwa kwa mkupuo. Basi mtafiti akutanaye na tofauti ndogo ya namna hiyo asiharakishe kudhani wizi.

Upo pia mtego wa lugha. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki namba hii husomwa bilioni mia tatu, kwa kuwa bilioni ni milioni elfu moja. Kifaransa, ambacho wasemaji wa Lubumbashi hukitumia mara nyingi wanapohesabu fedha, huiita milioni elfu moja *milliard*; *billion* yake ni milioni mara milioni. Mfasiri anayefuata sauti ya neno tu hukosea mara elfu. Neno laki, lililofika pwani kutoka Bara Hindi, halina utata huo: zaire mpya laki moja kwa faranga moja. Kwa namba zilizo kubwa zaidi, usalama wa mfasiri umo katika kuandika tarakimu kando ya neno.