KORONGO KUU HUVUKWA KWA MWENDO WA ALIYE NYUMA



Kila mkulima analijua korongo. Mvua inanyesha, maji yanateremka kwa nguvu, udongo unachukuliwa. Mwaka wa kwanza ni kijifereji tu, mtoto anaruka. Baada ya miaka kadhaa ni shimo refu, hata ng'ombe akitumbukia hatoki.

Leo tutasoma habari za korongo moja lililoko katika nchi kame ya Arizona, huko Marekani. Linaitwa Grand Canyon, maana yake Korongo Kuu. Wapo watu ambao hulivuka kwa miguu pamoja na rafiki zao, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kwa siku moja. Wengi hufika salama. Lakini kila mwaka mamia ya watu husaidiwa na waokoaji katika korongo hilo, na wengine hufa. Je, kwa nini mtu mzima mwenye nguvu zake ashindwe njiani? Sababu zake zinamhusu kila mtu anayetembea au kufanya kazi juani.

MTO ULIVYOCHIMBA

Korongo hili lina urefu wa kilometa 446. Kina chake ni kama meta 1,600. Chini kabisa unapita Mto Colorado. Wataalamu wa miamba wanasema mto huo umeikata miamba kwa miaka kama milioni 5 au 6. Nchi iliinuka, na mto ukazidi kukata kwenda chini. Mvua na barafu zikabomoa kuta, korongo likapanuka. Kumbe kazi ni ile ile ya korongo la shambani, ila hii imechukua muda mrefu mno!

KARIBU KWA MACHO, MBALI KWA MIGUU

Ndege akiruka kutoka kituo cha ukingo wa kaskazini hadi kile cha kusini, anakwenda kama kilometa 16. Mtu wa miguu anakwenda kilometa 38, maana njia inapinda-pinda. Gari linazunguka kiasi cha kilometa 345. Basi rafiki akikungoja na gari ukingo wa pili, hawezi kukufuata katikati. Ukishateremka, tegemea miguu yako.

MLIMA ULIOPINDULIWA

Tuchukue mfano. Marafiki wanne wanaanza safari upande wa kaskazini saa 11 alfajiri. Hapo ni zaidi ya meta 2,500 juu ya bahari. Baridi ni kali, wamevaa masweta. Wanateremka kilometa 23 hadi mtoni. Wanacheka na kupiga hadithi. Wanasema, "Ah, kumbe ni kazi rahisi!"

Wanafika mtoni saa 6 mchana. Masweta yamo mifukoni. Wakati wa kiangazi joto la huko chini hupita digrii 40. Miamba myeusi iliyo pande zote imeota jua tangu asubuhi, nayo inawarudishia joto kama chungu kilichotoka jikoni. Sasa ndipo wanapaswa kupanda zaidi ya meta 1,300, kwa kilometa 15.

Hapo ndipo ulipo mtego. Anayepanda Kilimanjaro hupanda kwanza, nguvu zikiwapo. Akichoka anageuka, na kurudi ni kuteremka. Korongo ni mlima uliopinduliwa. Raha inatangulia, taabu inafuata, tena wakati jua ni kali na miguu imechoka. Wasimamizi wa hifadhi husema kwamba kupanda huchukua muda mara mbili ya kuteremka. Nao huwashauri watu wasivuke korongo lote kwa siku moja. Pia huwaambia wasitembee huko chini kwenye joto kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Wakae kivulini, walowanishe nguo zao kwa maji, wapumzike. Baada ya vifo vya kiangazi cha mwaka 1996, hifadhi iliweka watu wa kusimama njiani na kuwaonya wasafiri kabla hawajapata shida.

MAJI BILA CHUMVI HAYATOSHI

Mtu anayetoka jasho hupoteza maji. Hilo tunalijua. Lakini onja jasho lako: lina chumvi. Kwa hiyo hupoteza na chumvi pia.

Asiyekunywa maji hukauka, kichwa kikamwuma, nguvu zikamwisha. Anayekunywa maji mengi mno bila kula chochote naye yuko hatarini. Chumvi iliyobaki mwilini inazimuliwa, kama mchuzi uliozidishiwa maji. Anatapika, anachanganyikiwa, hata anaweza kufa. Wazazi wengi wanajua kwamba mtoto anayeharisha hupewa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Sababu inafanana. Kwa hiyo msafiri hunywa kila anaposikia kiu, na hula vyakula vya chumvi kidogo kidogo, kama njugu na biskuti, hata kama hasikii njaa.

Tena asitegemee mabomba ya njiani peke yake. Bomba la maji la korongo hilo lilijengwa miaka ya 1960, nalo limepasuka mara nyingi.

ALIYE NYUMA NDIYE KIONGOZI

Turudi kwa marafiki wetu wanne. Wamevuka daraja, wameanza kupanda. Mmoja anabaki nyuma. Watatu wanasema, "Sisi tunatangulia, utatukuta juu." Hilo ni kosa kubwa.

Aliyezidiwa na joto hajijui. Anaongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka kama mlevi, lakini anasema, "Mimi mzima tu." Asipokuwa na mwenzake, nani atamwona? Akiwa na mwenzake, atawekwa kivulini, atamwagiwa maji mwilini, atapepewa, na mtu atakwenda kuita msaada. Kwa hiyo aliye dhaifu awekwe mbele, na wengine wafuate mwendo wake. Haraka ya mwenye nguvu haimfikishi mwenzake.

Kilometa 7 kabla ya ukingo wa kusini pana miti na maji. Pahali hapo ni pazuri pa kungoja jua lipungue. Watu wa kabila la Havasupai walikuwa wakilima hapo. Mtu wao wa mwisho alilazimishwa kuondoka mwaka 1928. Mwaka 2022 mahali hapo palipewa jina la kabila hilo.

KURUDI SI AIBU

Uamuzi mkubwa hufanywa mapema, kabla ya kufika mbali. Kama mmoja anaumwa goti asubuhi, wote wageuke wakati kurudi kungali karibu. Pia waulize habari za njia kabla ya kuondoka. Ukingo wa kaskazini hufungwa wakati wa theluji. Tena mwezi wa Julai 2025 moto uliteketeza hoteli kongwe ya ukingo huo, na njia ya upande huo ikafungwa.

Korongo limengoja miaka milioni nyingi. Litangoja hata mwakani. Rafiki yako akipotea, hapatikani mwingine kama yeye.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini korongo linaitwa mlima uliopinduliwa?
2. Kwa nini maji peke yake hayamtoshi mtu anayetoka jasho sana?
3. Mkiwa safarini au shambani na mwenzenu akaanza kupepesuka kwa joto, mtafanya nini kwanza?