Honda ya Tongaren na hadithi ya mamilioni

Leo nitawatoa Pwani kidogo niwapeleke bara, Tongaren, huko kaunti ya Bungoma ukiwa waelekea Kitale. Dadangu mdogo ameolewa huko na mwalimu, mtu mpole, analima mahindi kama majirani zake. Mwezi uliopita huyo shemeji alinipigia simu baada ya Isha, sauti chini kama mtu anayeficha jambo.

"Shemeji, wewe ulisomea injini. Kuna pikipiki hapa ya mbio, imetoka kiwandani Japani. Dalali anasema ng'ambo inauzwa milioni nne. Sisi tutaipata kwa laki tatu na nusu."

Nikamuuliza hizo laki tatu na nusu zatoka wapi. Akanyamaza. Zilikuwa pesa za mahindi, na ndani yake mna karo ya mtoto na mbolea ya msimu ujao. Arubuni ya elfu arobaini alikuwa ashaitoa, bila karatasi yoyote.

Safari ya kumjulia hali dadangu nilikuwa nayo hata hivyo, nikaiwahisha. Ni kweli nilisomea diploma ya ufundi wa magari kabla kalamu haijaniteka, na pikipiki za zamani za Japani ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Mke wangu ndiye ajuaye magazeti mangapi nimeyarundika chini ya kitanda.

Hadithi ya dalali ilikuwa tamu. Pikipiki, kwa maneno yake, iliachwa na mlowezi wa Kizungu aliyekuwa akishindana mbio, akauza shamba wakati wa uhuru na kurudi kwao. Ni Honda ya kiwanda, aina ile ile aliyoendesha bingwa Mike Hailwood. Picha alikuwa nayo kwenye simu.

Ubaya wa hadithi kama hii ni kwamba nusu yake ni kweli. Walowezi walikuwako, na mashamba yao mengi upande huo yaligawiwa wakulima Waafrika katika mipango ya makazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Honda za kiwanda nazo zilikuwako, na zilitikisa dunia. Honda walipeleka pikipiki zao Kisiwa cha Man mara ya kwanza mwaka 1959, Wazungu wakawatazama kwa kejeli. Miaka miwili baadaye Hailwood akawashindia hapo hapo mbio za cc 125 na cc 250. Suzuki walipata taji lao la kwanza la dunia 1962 katika cc 50, mwendeshaji akiwa Ernst Degner, Mjerumani aliyetoroka Ujerumani Mashariki mwaka mmoja kabla na siri za injini za MZ kichwani. Yamaha wakafuata 1964 na Phil Read. Hata bara letu lina fungu lake: Jim Redman, mzaliwa wa London aliyehamia Rhodesia, alitwaa mataji sita ya dunia juu ya Honda.

Lakini weka tarehe kando ya tarehe. Pikipiki iliyompa Hailwood sifa kubwa, RC166, ni ya mwaka 1966. Mwaka huo ilishiriki mbio 10 na ikashinda zote 10. Sasa mlowezi aliyeondoka wakati wa uhuru aliiachaje ghalani Tongaren? Shemeji alipolisikia hilo alikuna kichwa. Mlowezi wa wakati ule ukimkuta na pikipiki, yaelekea zaidi ni ya Kiingereza, BSA au Matchless.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pikipiki ya mbio ya kiwanda haikuuzwa. Ilikuwa mali ya kiwanda, mwendeshaji anakabidhiwa kwa msimu na kuirudisha. Nyingi zilirejeshwa Japani na nyingine zikavunjwavunjwa. Zilizosalia unaweza kuziona Motegi, katika jumba la makumbusho la Honda. Zilizo mikononi mwa watu binafsi ni chache mno, na watu wa fani hii huijua historia ya kila moja. Uhaba wenyewe umefika hadi Mwingereza mmoja, George Beale, akatengeneza nakala mpya za RC174, ile ya silinda sita ya daraja la cc 350, kwa ajili ya matajiri wasioweza kuipata ya asili.

Mkanganyiko unaowapa madalali riziki ni kwamba katikati ya pikipiki ya kiwanda na ya barabarani kuna kundi la tatu: za mbio zilizouzwa kwa wateja. Honda waliuza CR110 ya cc 50 na CR93 ya cc 125. Yamaha wakauza TD1, na baadaye TZ. Hizi zilifika nchi nyingi, kwa hivyo anayezitafuta katika maghala ya watu si mwendawazimu. Herufi ndizo za kuangalia kwanza. Kwa Honda wa zama zile, RC ni ya kiwanda, CR ni ya mbio ya kuuzwa, CB na S ni za barabarani. Ila msizishike herufi kama aya: miaka ya 1980 Honda walitoa RC30, na hiyo ni ya barabarani kabisa, na taa zake na viashiria vyake.

Tulikwenda kuiona siku ya pili asubuhi. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa idara ya mifugo, amekaa kitini mbele ya nyumba, akatukaribisha chai kabla ya neno lolote. Pikipiki ilikuwa stoo, nyuma ya magunia. Nakiri moyo ulinidunda. Tangi jekundu, haina taa, haina madgadi, na ubavuni imepakwa namba 7 kwa rangi nyeupe.

Dalali alikuwapo tayari. Nikamwambia RC166 ina silinda sita na eksozi sita, hii ina moja. Hakubabaika. Akasema basi ni ile ndogo. Hapo nikamheshimu kidogo, kwa sababu jibu si la kijinga. Ndogo ya kiwanda, RC116 ya cc 50, ilikuwa na silinda mbili, kila moja kama kikombe cha kahawa, na ikizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Lakini CR110 ya kuuzwa ilikuwa na silinda moja. Kwa hivyo kuhesabu silinda pekee hakumalizi kesi.

Nikachuchumaa. Cha kwanza nilichokitafuta ni kiki. Pikipiki za mbio za zama zile ziliwashwa kwa kusukumwa, mwendeshaji anakimbia nayo kisha anairukia. Kiki haikuwapo, lakini mhimili wake wenye meno ulikuwa umechomoza ubavuni mwa injini. Mtu ameichomoa tu. Mbele, masikio ya kushikia taa yalikuwa yamekatwa kwa msumeno, na alama za msumeno zaonekana. Chini ya kiti kulikuwa na kisanduku cha betri na vipande vya nyaya za taa ya nyuma. Pikipiki isiyowahi kuwa na taa nyaya hizo zamhusu nini?

Fremu nayo ilisema. Ilikuwa ya bati nene lililokunjwa na kuungwa, kama mgongo wa samaki, ilhali CR110 ni ya mabomba. Kisha nikaishika injini yenyewe. Pikipiki zinazotengenezwa chache humiminiwa injini katika kalibu ya mchanga, na ukipitisha kidole wasikia ukwaru wa chembe. Zinazotengenezwa kwa maelfu hutumia kalibu ya chuma, zatoka laini. Hii ilikuwa laini. Boliti nazo hazikuwa na matundu madogo ya kupitishia waya wa kuzizuia zisilegee, jambo ambalo mafundi wa mbio hawaliachi.

Mwisho ndio namba. Nikaomba mafuta ya taa na kitambaa, nikasugua tope la miaka kwenye injini mpaka herufi zikatoka: S90E, kisha tarakimu. Hiyo ni Honda S90, cc 89.5, pikipiki ya barabarani iliyoanza kuuzwa 1964. Nzuri, imara, na ya watu wa kawaida.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wamekusanyika mlangoni wakacheka, nikawaambia wasicheke bali wakatazame zao. Injini nyingi za Kichina wanazoendesha zimepigwa 162FMJ. Moja ya mwanzo ni idadi ya silinda, 62 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa na hewa, M ni pikipiki, J ni cc 150. Ikiwa yako imeandikwa 156FMI, umenunua cc 125, hata kibandiko cha ubavuni kikidai 150. Wawili walitoka mbio kwenda kusugua. Mmoja alirudi amenuna.

Nikamuuliza mzee kama aliwahi kumwambia mtu ni ya mbio. Akashangaa. Aliinunua yeye mwenyewe akiwa kazini, akaitumia kuzungukia wafugaji kuchanja ng'ombe. Akaingia ndani akatoka na logibuku, karatasi imekuwa ya manjano, namba ya injini ni ile ile tuliyoisugua. Pikipiki ya kiwanda haisajiliwi barabarani, kwa hivyo logibuku hiyo peke yake ingetosha, lau mtu angemuuliza mzee badala ya kumsikiliza dalali. Taa na madgadi vilitolewa na wajukuu wake waliokuwa wakichezea uwanjani, nao ndio waliopaka hiyo namba 7. Na bei aliyomtajia dalali ilikuwa elfu kumi na tano.

Tulipogeuka, dalali hakuwapo. Simu yake mpaka leo haipatikani, na zile elfu arobaini zimekwenda naye. Shemeji aliandikisha habari kituo cha polisi. Mbolea atanunua nusu. Karo imesalimika, na dadangu hajasema naye vizuri tangu siku hiyo.

Mzee naye alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia hataki kuiuza, yuataka iwake. Plagi anayo, kabureta imezibuliwa, platini ndizo zimekwisha. Jumamosi nimezunguka maduka ya spea hapa Mombasa sikupata. Mwenye platini za S90, hata zilizotumika, aniandikie.